Paul Eisler, mkimbizi aliyechapa redio juu ya shaba

Kila siku malori yanatoka Kolwezi na mabamba ya shaba, yanapita Likasi na Lubumbashi, yanapanga mstari Kasumbalesa, kisha yanaelekea bandari za mbali. Wakaaji wa Lualaba wanaona ile shaba ikienda. Kurudi inarudi pia, lakini kwa sura ingine: ndani ya simu, redio, chaja na taa za sola zinazouzwa masokoni Goma, Uvira, Kalemie ao Bunia.

Fungua kimoja kati ya vyombo hivyo, utakuta kibao chembamba, mara nyingi cha rangi ya majani, chenye vinjia vya shaba vinavyopinda na kuachana bila kugusana. Kila kinjia kinafanya kazi ya waya. Mtu aliyefikiri kwamba waya za redio zinaweza kuchapwa sawa vile gazeti linachapwa, na akahangaika nayo hadi dunia ikakubali, anaitwa Paul Eisler. Alikuwa mkimbizi. Wakati alipotengeneza kibao chake cha kwanza hakuwa na kazi wala ruhusa ya kufanya kazi.

Eisler alizaliwa mwaka wa 1907 mjini Vienna, mji mkuu wa Austria, katika jamaa ya Kiyahudi. Akasoma uinjinia kwenye chuo kikuu cha ufundi cha mji ule, akamaliza 1930. Ulikuwa mwaka mbaya wa kumaliza masomo. Uchumi wa Ulaya ulikuwa umeanguka na chuki juu ya Wayahudi ilikuwa inapanda. Kijana mwenye diploma mkononi na jina la Kiyahudi aligonga milango mingi bila kufunguliwa. Akapata kibarua Belgrade, katika Yugoslavia ya wakati ule. Huko kampuni moja ya santuri ya Kiingereza ilitaka abiria wa treni wasikilize muziki safarini, lakini redio ndani ya treni ilikuwa inajaa kelele. Eisler akaziondoa zile kelele. Kazi ikafaulu, malipo njo yakaleta shida: shirika la reli halikuwa na pesa za kutoa, likalipa kwa nafaka. Kampuni ya muziki haiwezi kuishi kwa nafaka. Mradi ukafungwa, na kijana akarudi kwao.

Vienna kazi ya uinjinia ilikuwa ingali inakosekana. Basi akaingia katika nyumba ya uchapaji wa magazeti, na pale akajifunza jambo ambalo injinia wa redio hana lazima ya kulijua. Wakati ule picha ya gazeti ilitengenezwa kwa bamba la zinki. Fundi alipaka bamba dawa inayokuwa ngumu ikipigwa na mwanga, akaweka juu yake filamu ya picha, akawasha taa kali. Fasi zilizopigwa na mwanga zikashika ngozi ngumu. Dawa ya fasi zingine ikaoshwa ikatoka. Kisha bamba likatiwa ndani ya asidi. Asidi ikala zinki iliyo uchi, ikaacha ile iliyofunikwa. Kilichobaki kimesimama kikapakwa wino na kuchapa sura moja ile ile mara elfu na elfu.

Februari 1934 risasi zikalia Vienna kati ya serikali na Wasosialisti. Chama chao kikapigwa marufuku, magazeti yao yakafungwa, na Eisler akapoteza tena mkate. Miaka 2 baadaye, mu 1936, akafaulu kuingia Uingereza kwa nguvu ya uvumbuzi aliokuwa amekwisha kuandikisha. Akapanga chumba Hampstead, mtaa wa London.

Redio za miaka ile ziliunganishwa kwa mkono. Ndani ya sanduku la mbao kulikuwa bamba la chuma, juu yake zile taa za vioo za redio, na chini yake msitu wa waya. Kiwandani wasichana walikaa mistari mirefu. Kila mmoja alikata waya, akaichuna, akaipinda, akaiunga kwa bati la kuyeyusha, kisha akamsukumia mwenzake. Waya moja ikiungwa fasi isiyo yake, redio inanyamaza, na mtu atafute kosa mu msitu mzima. Eisler aliangalia ile kazi kwa macho ya mtu aliyetoka kwa wachapaji. Kama asidi inaweza kula zinki na kuacha sura ya waziri, itashindwa vipi kula shaba na kuacha sura ya waya? Mule mule katika chumba cha kupanga akatengeneza redio ambayo waya zake zilikuwa vinjia vya shaba juu ya kibao.

Akaipeleka kwa kampuni kubwa ya redio. Wakubwa wakaiangalia, wakaikataa. Shida yao haikuwa kwamba kibao hakifanyi kazi. Hesabu yao ilikuwa juu ya wale wasichana: mshahara wao ulikuwa mdogo, na msichana unaweza kumbadilishia kazi kesho asubuhi, lakini kibao kilichokwisha kuchapwa hakibadiliki. Anayepita machimbo ya Kolwezi na kuona vijana wakishuka shimoni na nyundo, wakati mashine ya kazi ile inajulikana miaka mingi, anaelewa ile hesabu bila kufafanuliwa.

Machi 1938 Hitler akaimeza Austria. Eisler, ambaye wakati ule alikuwa anahangaika London kuuza fikra zake, akajaribu kuwatoa watu wa jamaa yake Vienna; milango ilikuwa michache na ilikuwa inafungwa mmoja mmoja. Kazi aliyoipata ilikuwa kwa kampuni ya majumba ya sinema, kutatua shida za kiufundi za kumbi zao. Kisha mu 1940, Ufaransa ilipoanguka, Waingereza wakaingiwa na woga, wakakamata Wajerumani na Waaustria kwa maelfu, hata Wayahudi waliokuwa wamemkimbia Hitler mwenyewe. Eisler naye akafungwa kama raia wa adui. Nchi yake ilimfukuza kwa sababu ni Myahudi, nchi aliyokimbilia ikamfunga kwa sababu ametoka nchi ile iliyomfukuza. Katika Mashariki, fasi watu wameishi kambini na kuulizwa kitambulisho kwenye kila kizuizi, habari hii haihitaji maelezo marefu. Akaachiliwa 1941, akapitia kikosi cha jeshi cha kazi za mikono, kisha akarudia ufundi wake.

Mwaka ule ule wa 1941 Katanga ilikuwa ndani ya vita kwa namna yake. Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, lakini Kongo ilibaki upande wa Waingereza, na shaba ya Union Minière ilikuwa inanunuliwa na Uingereza. Migodi ikaongeza kazi. Bei za sokoni zikapanda, mishahara ikabaki nyuma. Mu Desemba wafanyakazi wakagoma Jadotville, yaani Likasi ya leo, na Élisabethville, ndiyo Lubumbashi. Tarehe 9 Desemba askari wakapiga risasi wagomaji wa Élisabethville. Waliokufa ni makumi. Shaba ikifika London haiandikwi juu yake jina la mgodi wala la aliyeichimba.

Eisler akapata mwishowe watu wa kumsikiliza, na kumbe hawakuwa watu wa redio. Henderson and Spalding, katika mtaa wa Camberwell, ilikuwa kampuni ya wachapaji. Kati ya kazi zao walichapa nota za muziki. Mkubwa wao, Harold Vezey Strong, alikubali kutia pesa katika jambo hili, na kampuni ndogo ikaanzishwa kwa ajili yake, ikaitwa Technograph. Mtu aliyezoea kuchapa mistari 5 ya nota bila kuikosesha hata unywele alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mistari ya umeme nayo itachapwa.

Kisha ikaja karatasi ya kutia sahihi. Eisler alitia bila kuisoma vizuri. Ilikuwa kontra ya kawaida ya mfanyakazi, na ndani yake aliachia kampuni haki ya kila uvumbuzi atakaoufanya akiwa kazini, kwa pauni 1. Alipewa pia sehemu ndogo ya hisa. Tunda la miaka yote, ya Vienna, ya Hampstead na ya kifungo, likaingia katika kabati la mtu mwingine. Krezeri anayefikisha mfuko wake kwenye depo ya Musompo anajua hali inayofanana na hii: mashine ya kupima teneri iko mikononi mwa mnunuzi, naye amechoka, anahitaji pesa ya leo. Lakini Eisler alikuwa mtu aliyesoma sana, na karatasi ilikuwa mbele ya macho yake. Hapa lawama haiwezi kuangukia wachapaji peke yao.

Namna yenyewe ni rahisi kuelewa, tena haijabadilika sana toka siku zake. Inaanza na karatasi ya shaba, nyembamba kuliko unywele, iliyogundishwa juu ya kibao kisichopitisha umeme. Unene wa kawaida leo ni milimita 0.035. Kwa unene ule, kilo 1 ya shaba inafunika zaidi ya mita 3 za mraba, na tani 1, ambayo ni fungu dogo tu juu ya lori la Kasumbalesa, ingeweza kufunika karibu nusu ya uwanja wa mpira. Karatasi yenyewe inazaliwa kwa umeme, ndani ya maji ya asidi yenye shaba, sawa na bamba linavyokua ndani ya mabeseni ya kiwanda cha Luilu. Wakaaji wa Kolwezi wanajua ile kazi inakula umeme kiasi gani. Bwawa la Nzilo kwenye Lualaba, ambalo Wabelgiji walilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuliita Delcommune, lilijengwa kwa ajili ya migodi na viwanda vya shaba kwanza, mitaa baadaye.

Juu ya ile shaba inapakwa dawa inayosikia mwanga. Eisler alichora njia zake kwa wino mweusi, akazipiga picha, akatumia filamu. Fundi wa leo anayefanya kazi nyumbani anachora kwa kompyuta, anachapa juu ya plastiki inayoonyesha kwa mashine ya leza, analaza ile plastiki juu ya kibao, anakandamiza kwa kioo na kuangaza kwa taa ya miale ya zambarau. Mwenye kukosa taa anatumia jua. Kolwezi iko juu ya mita 1,400 na jua la saa sita halina huruma. Dakika chache zinaweza kutosha, na fundi mwenye akili anajaribu kwanza kipande kidogo cha kutupa kabla ya kuweka kibao chenyewe. Kisha kibao kinaoshwa katika maji yenye soda kali kidogo sana, gramu 10 hivi kwa lita, hadi mchoro utokee. Kwa vibao vingi vinavyouzwa tayari vimepakwa dawa, kazi ni kinyume cha zinki ya gazeti: fasi iliyopigwa na mwanga ndiyo inayotoka, iliyokaa kivulini inabaki.

Baada ya hapo ni asidi, ao zaidi chumvi ya chuma inayoitwa kloridi ya feri, maji ya rangi ya kahawa iliyokolea. Inatiwa katika beseni la plastiki, kamwe si sufuria ya aluminiamu, juu itaitoboa. Kibao kinatikiswa pole pole. Shaba iliyo uchi inaanza kupotea pembeni, kisha katikati, na ghafla vinjia vinabaki peke yao juu ya kibao. Ukichelewa kukitoa, dawa inaingia chini ya ngozi na kula vinjia vyenyewe. Mwishoni ngozi inafutwa, matundu ya milimita 0.8 ao 1 yanatobolewa, miguu ya vyombo inapitishwa na kuungwa kwa bati.

Mikono ivae mipira na macho yafunikwe, maana soda inachoma ngozi na ile kahawa haitoki kwenye nguo. Na jambo moja ambalo vitabu vingi vya ufundi vinalipita haraka: yale maji yakimaliza kazi yamejaa shaba, na shaba ndani ya maji inaua samaki. Wavuvi wa ziwa la Nzilo hawahitaji beseni lingine kumwagwa mtoni. Fundi mwangalifu anatia soda ya kufulia hadi shaba ishuke chini kama tope, analiacha likauke, analiweka kando mbali na kisima na bustani.

Mu 1942 Eisler alikuwa amekwisha kutengeneza redio ambayo sio vinjia tu, hata koili ya antena ilikuwa imechapwa. Februari 1943 maombi ya hati ya uvumbuzi yakapelekwa Uingereza. Watu bado hawakujali. Kilichowaamsha kilikuwa silaha. Wamarekani walikuwa wanatengeneza kombora lenye redio ndogo kwenye pua yake: inatuma mawimbi, inayasikia yakirudi kutoka kwa ndege ya adui, inalipuka ikikaribia bila kugusa. Redio ya namna ile inapigwa kutoka mdomo wa mzinga, na msitu wa waya usingevumilia. Mu 1944 makombora ya aina ile yaliangusha mengi ya mabomu ya V-1 ambayo Wajerumani walikuwa wanayatuma juu ya London. Zile saketi za kwanza za Wamarekani zilichapwa zaidi kwa wino wa fedha juu ya visahani vya kauri, kwa hiyo ubishi juu ya deni gani wako nalo kwa Eisler haujaisha. Kisichobishaniwa ni kwamba baada ya vita ilikuwa shaba iliyoliwa na asidi, namna yake yeye, iliyobaki na kushinda.

Hati ya Marekani ilitoka 1948. Jeshi la Marekani likaongeza mtindo wa kutoboa matundu, kupitisha miguu ya vyombo na kuchovya kibao kizima ndani ya bati lililoyeyuka, mara moja kazi yote ikaungwa. Hapo hesabu ya wale wakubwa wa redio ikapinduka. Mu miaka ya 1950 viwanda vya Marekani, Ulaya na Japani vikaanza kumimina vibao, na redio ndogo ya transista, ile iliyofika hadi vijiji vya Kivu na Maniema, isingewezekana bila hivyo.

Technograph ilijaribu kudai malipo. Wengi walichapa bila kulipa. Eisler, akiwa amegombana na namna kampuni ilivyokuwa inaendeshwa, akatoka 1957. Kesi kubwa ikafika mahakamani Marekani, katika jimbo la Maryland, na mu 1963 jaji akatangaza kwamba hati zile hazina nguvu, kwa kuwa wengine walishakuwa na fikra karibu sawa. Ni kweli walikuwepo. Albert Hanson wa Berlin alieleza mu 1903 namna ya kulaza vipande vya karatasi ya madini juu ya ubao, na Charles Ducas wa Marekani alieleza mu 1925 namna ya kupandisha shaba kwa umeme juu ya mchoro. Lakini kati ya fikra iliyolala katika faili na redio inayoimba mezani kuna umbali, na aliyeupita ule umbali kwa miguu ni Eisler. Hukumu inaweza kuwa sawa kwa sheria na bado ikaacha uchungu.

Hakukaa kuhesabu alichokosa. Akatumia ile ile karatasi nyembamba ya madini kwa kupasha joto: chakula, vioo, hata kuta za nyumba zilizofunikwa karatasi yenye njia za umeme ndani. Gesi ya bei nafuu kutoka Bahari ya Kaskazini ikaja ikaua soko la zile kuta. Wainjinia wa umeme wa Uingereza walimpa nishani ya fedha. Mu 1989 alitoa kitabu kuhusu maisha yake na saketi iliyochapwa, na tarehe 26 Oktoba 1992 akafariki London, mji uliompokea, ukamfunga, ukamwachilia.

Ile redio ya 1942 iko London hadi leo, katika jumba la makumbusho ya sayansi. Si kubwa. Vinjia vyake ni vipana kuliko vya simu ya siku hizi, na koili ya antena imezunguka kama konokono juu ya kibao, yote ya shaba.